Siku Tuliyoazima Utajiri

Watu hudhani kazi ngumu ni kukubaliwa na chuo. Kukubaliwa nilikubaliwa, tena na chuo cha ng'ambo chenye theluji na maktaba isiyofungwa, na barua yao ilinisifu mpaka nikaona haya. Kazi ngumu ilikuwa katika aya ya mwisho ya barua hiyohiyo, iliyosema kwamba mwanafunzi wa kigeni lazima aonyeshe jinsi atakavyolipa. Niliisoma nikiwa nimesimama ndani ya saiba moja, duka la intaneti, pale sokoni Silibwet, nyuma ya mzee aliyekuwa akichapishiwa programu ya mazishi. Karo yenyewe sikuielewa mara ya kwanza. Nilidhani ni namba ya simu.

Tunaishi juu kidogo ya Silibwet, mahali ambapo chai imepandwa mpaka karibu na mlango wa jikoni. Mimi ndiye kifungua mimba, na wa kwanza katika ukoo wetu kuota mambo ya ng'ambo bila kuwa mkimbiaji. Jambo hilo liliwachanganya watu. Mara tatu hivi niliulizwa na watu wazima kabisa kama nakimbia mita ngapi.

Nilitafuta ufadhili kwa miezi mingi, na nikajifunza vitu ambavyo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Kumbe misaada mingi inayotangazwa ni ya wenyeji wa huko, na ukishaandika jina la nchi yako ukurasa unajifunga bila hata kukuaga. Kumbe upo msaada wa wenye alama na upo wa wenye shida, na huo wa wenye shida unataka uwaeleze watu usiowajua kwenu mnakula nini. Mjini Kericho nilimpata bwana mmoja mwenye ofisi na bendera ndogondogo za nchi mbalimbali mezani, akaniambia kwamba ada ya kufungua faili tu ni bei ya ng'ombe mzima. Nilipomwuliza faili hilo lina nini ndani, akajibu kwamba hilo ni swali la baadaye. Niliinuka nikatoka bila kuaga, na mimi nimelelewa kuaga.

Mwishowe chuo chenyewe kilikubali kubeba nusu. Nusu ya pili kilinielekeza kwa mfuko mdogo ulioanzishwa na watu waliosoma hapo zamani, wa kuwasaidia wanafunzi wa kigeni wasiojiweza. Niliwaandikia, wakanijibu, tukaandikiana. Nikafika miongoni mwa wachache wa mwisho. Bila wao ile nusu ya chuo haikuwa na maana yoyote, kwa kuwa hakuna anayekuruhusu kusoma nusu ya masomo, na nafasi yangu ingepewa mwingine. Walitaka jambo moja tu lililobaki: kuzungumza na mzazi wangu kwa simu ya video, tukiwa nyumbani, ili waone ninakotoka.

Nilimwambia Mama jioni moja akikamua. Sikumwambia vizuri. Nilisema tu kwamba watu wa ufadhili wanataka kutuona nyumbani Ijumaa.

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu sisi. Kwetu mgeni haangukii nyumba moja. Siku ya koito, wakwe wanapokuja kuposa na kukubaliana mahari, hakuna nyumba inayotumia viti vyake peke yake. Vikombe hutoka kwa huyu, sufuria kubwa kwa yule, na kapeti inatoka kwa mtu ambaye hata hamsalimiani sana. Mgeni akishaondoka, kila kitu kinarudi kwao, na hakuna anayesema kwamba mlidanganya. Ni heshima. Mgeni anapewa kilicho bora kijijini, si kilichopo nyumbani. Mimi nilikua nikibeba viti hivyo kichwani, kwenda na kurudi, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo desturi hiyo ingeweza kumfukuzisha mtu shule.

Ijumaa hiyo nilikwenda Silibwet asubuhi kununua bando la kutosha na kuchaji simu, maana umeme kwetu ulikuwa umepotea tangu mvua ya mawe ya juzi yake. Niliporudi nilisimama kwenye lango. Kwa kweli nilidhani nimepotea nyumba.

Uani palikuwa na pikapu nyeupe, imeoshwa mpaka magurudumu. Niliitambua: ilikuwa ya mwalimu mstaafu anayeishi ng'ambo ya kijito, mzee mpole ambaye alinifundisha hesabu nikiwa darasa la nne. Chini ya mti wa parachichi alikuwa amefungwa ng'ombe wa gredi, mnene, mwenye kiwele ambacho ng'ombe wetu angekionea wivu. Ndani kulikuwa na seti nzima ya makochi ya rangi ya damu ya mzee yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kapeti, meza ya kioo, na televisheni pana kama dirisha. Haikuwa imeunganishwa popote. Ilikuwa imesimama tu, ionekane.

Mwenye makochi alikuwa jirani yetu, mama kutoka upande wa ziwa ambaye mume wake hufanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Alikuwa amepiga magoti akinyoosha vitambaa.

"Wewe toka hapo na hiyo matope," aliniambia. "Hii kochi haijakaliwa na mtu tangu Pasaka. Leo nakutolea kwa sababu ni wewe."

Nilimtafuta Mama, nikamkuta jikoni. Kuku wawili walikuwa tayari kwenye sufuria, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kilikuwa kimepanguswa kikang'aa. Nyumbani tunazungumza Kikipsigis, lakini maneno yenyewe yalikuwa hivi.

"Mama, hivi vitu ni vya nini?"

"Mgeni anakuja."

"Haji. Ni simu."

"Atatuona?"

"Atatuona."

"Basi amekuja," akasema, akageuza kuku.

Ningepaswa kupinga pale pale, na nilifungua mdomo nipinge. Lakini niliona jinsi alivyovaa, gauni lake la kanisani na kiatu ambacho humwumiza, nikafunga mdomo. Halafu simu ililia na nafasi ikapita.

Aliyepiga alikuwa dada mmoja kijana mwenye miwani mikubwa, mcheshi, aliyejaribu hata kusema "habari". Baba aliketi katikati ya kochi akiwa amevaa koti la suti, mikono juu ya magoti. Mimi nilikaa pembeni yake nikitafsiri. Nyuma ya simu, mahali ambapo hawezi kuonekana, jirani yetu alikuwa akinionyesha kwa ishara kwamba niufunike mkono uliochanika wa kochi moja. Yule dada alisema nyumba ni nzuri. Akasema kitambaa ni kizuri. Aliomba kuona nje, nikatoka na simu, Baba akinifuata, na nilipofika kwenye pikapu nikaigeuza simu haraka upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na ng'ombe.

Nyuma ya ng'ombe ilikuwepo chai. Ilikuwa imetoka kunyeshewa, inametameta mpaka kijitoni, na yule dada akasogeza uso karibu na kioo kuitazama. Alimwuliza Baba kama shamba hilo lote ni lake.

"Shamba ni langu," Baba alisema. "Niliachiwa na baba yangu."

Nikatafsiri. Alishukuru sana, akatuaga kwa furaha. Kisha kuku wakaliwa na waliobeba viti, na jirani yetu alisema kwamba mzungu huyo ana adabu, ameuliza mpaka jina la ng'ombe. Tulicheka. Kabla giza halijaingia makochi yalikuwa yamesharudi kwa wenyewe.

Jibu lilinikuta saiba. Nilikuwa nimekwenda kumchapishia Mama fomu ya chama chake cha maziwa, na nikafungua barua pepe kwa mazoea tu. Walisema wamefurahi sana kuifahamu familia yangu. Walisema wameguswa na ukarimu wetu. Kisha wakasema kwamba, baada ya kutazama hali ya nyumbani, wameona familia yangu ina uwezo wa kuchangia masomo yangu, na hivyo msaada utakwenda kwa mwanafunzi mwenye uhitaji zaidi. Kama nina maelezo mengine, nilikuwa na siku chache za kuyaleta.

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Mwenye saiba alinigusa bega akauliza kama nimefiwa. Nilisema hapana. Nilihisi kama nimepigwa kofi na mtu aliyekuwa akinitabasamia, na mbaya zaidi ni kwamba hakuwa na kosa. Aliona kochi. Aliona pikapu. Macho yake yalimwambia ukweli wa vitu alivyoonyeshwa.

Nilipanda mlima kwenda nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kijiji kizima. Nilimkuta Mama na jirani yetu wakichambua mboga barazani, nikawasomea barua, nikiitafsiri kwa Kiswahili ili wote wawili waelewe. Nilisoma kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Mama alibaki ameshika jani moja la mnavu kana kwamba amesahau ni la nini.

"Ati uwezo?" jirani yetu akauliza. "Uwezo gani? Wamepata wapi hiyo?"

"Kwenye kochi lako," nilimwambia.

Sikupaswa kumjibu mtu mzima hivyo, lakini hakukasirika. Alikuwa ameduwaa kuliko mimi.

"Kwani huko kwao mgeni akikuja wanafanya nini? Wanatoa viti nje?"

"Walitaka kuona shida zetu, mama."

"Kwa simu?" Alinitazama, kisha akamtazama Mama. "Sasa mtu na akili yake ataonyesha mgeni shida? Mara ya kwanza tu, hata hajakula?"

Hapo hasira ilinitoka, kwa sababu nilijua kwamba hata mimi, kama ningeachwa peke yangu na nyumba ile, ningefagia, ningeazima angalau kikombe. Nilikaa chini nikaanza kuchambua mboga nao. Mama alisema jambo moja tu, tena kwa sauti ndogo: "Mimi ndiye nimekunyima shule." Nilimwambia aache. Alirudia tena usiku huo, na kesho yake.

Niliandika maelezo. Nilieleza kuhusu koito na viti, nikaeleza ng'ombe ni wa nani na pikapu ni ya nani. Nilipoyasoma tena yalionekana kama uongo wa mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, lakini niliyatuma. Walijibu upesi, kwa upole. Walisema wako tayari kuzungumza mara ya pili, ila safari hii wangetaka mzazi mwenyewe aeleze, kwa maneno yake, familia inapata riziki kutoka wapi.

Kazi ikawa ni Baba.

Baba si mtu wa maneno. Ni mrefu, anaongea akitazama chini, na akikasirika huenda kurekebisha ua. Nilipomweleza kwamba anatakiwa aseme vile vitu havikuwa vyetu, alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikumwambia ni vyetu," alisema.

"Najua, Baba. Lakini aliona."

"Sasa nimwite mgeni arudi, nimwambie kile ulichokalia si changu?"

"Hakukalia kitu. Alikuwa kwenye simu."

Akaenda kurekebisha ua. Siku mbili alirekebisha ua ambao haukuwa na tatizo. Nilimwona Mama akimfuata huko, wakisimama wakiongea kwa sauti ya chini kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kuongea mbele yangu. Nilisikia sentensi moja tu ya Mama upepo ulipogeuka: "Mwambie yote basi, ujue moja." Nilidhani anazungumzia makochi.

Asubuhi ya siku ya mwisho Baba aliingia kabla sijaamka vizuri, akasema, "Piga." Alikuwa amevaa nguo zake za kuchumia chai, gambuti miguuni na ile aproni ya plastiki inayozuia umande usimloweshe tumbo. Nilimwuliza kama hatabadilisha. Alisema hapana, ana kazi.

Tulikaa nje kwenye benchi yetu, ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa jiwe. Mama alisimama mlangoni. Yule dada wa miwani alipotokea hakucheka kama mara ya kwanza. Alikuwa makini, akasema samahani kwa kutusumbua. Baba alianza bila kuulizwa. Alitaja kochi na mwenye kochi, ng'ombe na mwenye ng'ombe, pikapu na mwenye pikapu. Alisema kuku walikuwa wetu. Nilikuwa nikitafsiri kwa urahisi, karibu kwa raha, nikiona jinsi uso wa yule dada ulivyokuwa ukilegea. Alisema anaelewa, na kwamba kwao hata nyanya yake huficha vikombe vizuri kwa ajili ya wageni tu. Nilifikiri tumemaliza.

"Lakini chai," akasema. "Ile niliyoiona ni nyingi. Chai inaipatia familia kiasi gani kwa mwaka?"

Nikamgeukia Baba, nikamwuliza kwa lugha yetu.

"Haitupi kitu," alisema.

Nilitafsiri kwamba chai inatupa kidogo. Nilidhani hivyo ndivyo alivyomaanisha, maana kila mkulima wa chai husema chai haimpi kitu, ni kama salamu. Baba husikia Kiingereza kidogo. Aliweka mkono juu ya goti langu.

"Sikusema kidogo. Nimesema haitupi kitu." Akaendelea akitazama gambuti zake. "Ile chai nilimkodisha mwalimu wa pikapu ulipoingia kidato cha kwanza. Yote, mpaka kijitoni. Pesa yake ndiyo iliyokulipia shule. Ninachuma kama kibarua wake, ananilipa kwa kilo. Bonasi ni yake. Muda wake haujaisha."

Nilifungua mdomo nitafsiri, na hakuna neno lililotoka, la Kiingereza wala la lugha yoyote. Yule dada alisubiri. Aliuliza, "Anasema nini?" Nilimtazama Mama mlangoni, na Mama alikuwa akitazama mikono yake, na hapo nikaelewa kwamba alijua siku zote. Nilikumbuka misimu yote ya bonasi, kiwanda kikiwalipa wakulima malipo ya mwisho wa mwaka, watu wakinunua mabati na magodoro, na Baba akirudi nyumbani akisema ya mwaka huu imekuwa ndogo. Nilikuwa nimewatukana watu wa kiwanda kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimesimama kwenye mdahalo shuleni, mbele ya wasichana wa kutoka kila kaunti, nikawatukana kwa ufasaha, nikapigiwa makofi. Mimi, binti wa mkulima wa chai.

"Anasema nini?" yule dada akauliza tena, kwa upole.

Baba aliona kwamba siwezi. Akainama karibu na simu, akasema mwenyewe, kwa Kiingereza alichookota ujanani alipofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, neno moja baada ya jingine kama mtu anayevuka kijito kwa mawe. Alisema chai hiyo ni ya mtu mwingine. Alisema yeye anachuma tu. Alisema anachumia mtu mwingine katika shamba la baba yake. Kisha akaninyooshea kidole na kusema, kwa ajili ya shule ya huyu.

Yule dada hakuuliza kitu kingine. Alimshukuru, akamwita bwana, na mazungumzo yakaisha. Baba alisimama, akasema jua litamwahi, akashuka kuchuma. Mimi nilibaki kwenye benchi nikiwa nimeshika simu iliyozimika. Mama alikuja akakaa kando yangu.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilitia sahihi," akasema. "Alisema ukijua hutasoma, utabaki unamhurumia. Wewe una hasira na huruma nyingi mno, alisema, moja ikikuacha nyingine inakushika."

Nililia basi, na sikujificha. Nililia kwa aibu, na kwa hasira kwamba walinipenda bila kuniuliza. Mama hakunibembeleza. Alikaa tu mpaka nilipomaliza, kisha akaenda kukamua.

Jioni nilikutana na mwalimu mstaafu njiani akitoka kituo cha kununulia chai, kule majani yanakopimwa. Kwa mara ya kwanza maishani sikujua nimsalimie vipi. Yeye alijua. Alivua kofia.

"Baba yako aliniomba nisiseme," alisema. "Nilikuwa nimtafute mchumaji mwingine, akasema hapana, hiyo miti inamjua yeye. Sasa ningefanya nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia tangu asubuhi, na hata hilo sikupewa. Alikuwa amelipa alichokubaliana, kwa wakati, tena alituazima gari akaliosha. Nilimwambia kongoi, ahsante, kwa sababu hilo ndilo neno lililokuja, akanijibu kongoi, tukapishana.

Jibu la pili lilikuja wiki iliyofuata, na safari hii sikwenda saiba. Nilikuwa nimenunua bando, nikalisomea sebuleni asubuhi na mapema, Mama akiwa amesimama na Baba akivaa soksi. Mfuko ungebeba nusu iliyobaki, pamoja na nauli ya kwenda. Mama alipiga kigelegele ambacho jirani yetu alikijibu kutoka kwake kabla hajajua sababu. Baba alisema "sawa" mara mbili. Akaendelea na soksi, lakini aliivaa ileile akaivua akaivaa tena.

Macho yangu yalikuwa yameshatangulia kwenye aya iliyofuata, na nikaishusha simu.

"Soma yote," Baba akasema.

Nikasoma. Walisema kwamba kila mwaka, kabla ya kutoa fedha za mwaka unaofuata, watazungumza tena na mzazi mwenyewe kwa simu ya video kuhusu hali ya nyumbani na riziki ya familia. Ingekuwa hivyo mpaka nimalize. Mama aliacha kucheka. Kabla sijafikiri nikaanza kuongea haraka, kwamba nitawaandikia, kwamba wanaweza kuzungumza na Mama, kwamba labda barua ya chifu itatosha.

"Kwa nini?" Baba akauliza.

"Sitaki uyaseme tena yale maneno. Si kila mwaka. Si kwa mtu usiyemjua."

Alikuwa ameinama akivuta gambuti ya pili, kwa hiyo sikuuona uso wake.

"Yule msichana hanijui," alisema. "Hata akiniuliza kila mwezi nitamjibu. Aliyekuwa mgumu kumwambia ni wewe."

Akakanyaga chini kuuweka mguu sawa, akachukua kikapu chake, akatoka.